Mpigo wa Umeme na Njia Yake: Mhadhara kwa Walimu na Wanafunzi wa Katana

Nimeombwa nizungumzie mitambo ambayo Kongo haina hata mmoja, ile inayokusanya umeme polepole kisha kuumwaga wote kwa mara moja, katika muda ambao jicho haliwezi hata kuanza kupepesa. Wataalamu huitumia kuharakisha elektroni, kutoa miale ya eksi na kuminya vitu hadi viwe na joto la ndani ya nyota. Najua kuna anayejiuliza moyoni: sisi ambao delestaji inatukuta hata siku ya harusi, tuna biashara gani na mtambo wa ampea milioni 26?

Tuna biashara nayo kubwa. Mwaka 2016 Rachel Albrecht na wenzake walichapisha hesabu ya radi za dunia nzima, iliyotokana na miaka 16 ya picha za setilaiti ya TRMM. Mahali pa kwanza palikuwa Ziwa Maracaibo kule Venezuela, penye mimweko 232 kwa kila kilomita mraba kwa mwaka. Mahali pa pili duniani, pa kwanza Afrika, paliandikwa kwa jina la Kabare, mimweko 205. Kabare ndiyo teritwari yetu. Tusijivune kupita kiasi, maana watafiti waliyapa maeneo majina ya miji iliyo jirani, na kitovu chenyewe kiko msituni, magharibi ya milima. Lakini kabla ya hapo, hesabu ya setilaiti iliyotangulia ilikuwa imeipa Kamembe nafasi ya kwanza, na Kamembe ni hapo ng'ambo ya Ruzizi tu. Kwa hiyo iwe huku iwe kule, tumo ndani. Na radi ni nini kama si mpigo wa umeme unaotafuta njia?

Nitaanza na mtambo, kisha nitakuja kwenye nguzo zetu za umeme.

Mkubwa kuliko yote wa aina hii uko Albuquerque, Marekani, katika maabara ya Sandia, na jina lake ni herufi moja: Z. Ulianza kazi mwaka 1985 kwa jina na shughuli nyingine, ukageuzwa kuwa Z mwaka 1996, ukafumuliwa na kujengwa upya hadi mwaka 2007. Una upana wa mita 33. Ndani yake mna kapasita 2,160, zimepangwa katika makundi 36 ya kapasita 60. Kila kundi ni jenereta ya Marx, jina la Mjerumani Erwin Marx aliyebuni mpangilio huo mwaka 1924: kapasita zinajazwa zikiwa sambamba, kila moja kivyake, halafu swichi za gesi zinawaka na kuziunga mfululizo. Kilovolti 85 mara 60 ni volti zaidi ya milioni 5, na hakuna aliyehitaji kujenga transfoma ya volti milioni 5.

Sasa sikilizeni hesabu ambayo huwashangaza hata wahandisi. Umeme wote unaohifadhiwa humo ni takriban megajouli 20. Gawanyeni: ni kilowati-saa tano na nusu. Pasi ya wati 1,000 ingeumaliza kwa saa tano na nusu za kupiga nguo. Mtambo wetu wa Ruzizi I, uliojengwa na Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1950 pale Ziwa Kivu linapomwaga maji yake, una megawati zisizofika 30, na ungeuzalisha umeme huo katika muda usiotimiza sekunde moja. Kumbe mtambo wa Z hauna utajiri wa umeme hata kidogo. Utajiri wake ni kutokawia. Umeme wa pasi moja unapita kwa nanosekunde 100, yaani sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde, na miale ya eksi inayotoka mwishoni inafikia wati trilioni 350. Hiyo ni zaidi ya Ruzizi I mara milioni kumi, kwa kufumba na kufumbua.

Nguvu hiyo yote inategemea njia. Kapasita mtu ananunua. Kitu kinachoshika kiini, kile kinachominywa, kina ukubwa wa kidole gumba. Kati ya kapasita na kiini kuna mita kumi na zaidi za njia, na humo ndimo umeme unamopotea, unamorudi nyuma, unamoruka kama radi ndogo na kuharibu kazi ya siku nzima. Anayesanifu mitambo hii anasanifu njia. Mengine yote ni ya dukani, kwa kutia chumvi kidogo.

Kwa nini waya wa kawaida haufai? Laini zetu za kawaida tunazisanifu kwa kuogopa ukinzani wa waya. Unapandisha volti, ampea zinashuka, joto linapungua. Kwa sababu hiyo ile laini ya Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700, iliyowashwa mwaka 1982, ilijengwa kwa kilovolti 500 za umeme usiobadili mwelekeo. Ni busara nzuri na inatosha kwa umeme unaokwenda taratibu. Umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde una urefu wa wimbi wa kilomita 6,000. Kwa hiyo kati ya Bukavu na Goma laini nzima ni kipande kidogo tu cha wimbi moja. Volti zikipanda huku, zinapanda na kule karibu wakati uleule.

Mpigo wa nanosekunde 100 hauko hivyo. Katika muda wake wote, hata mwanga wenyewe unasafiri mita 30 tu. Ndani ya maji, mpigo huo unajinyoosha mita tatu na kidogo. Kwa hiyo mwanzo wa njia haujui mwisho wake una nini. Mpigo unafika kwenye kona ndipo unagundua kwamba kuna kona. Na waya mwembamba unakuwa adui. Sentimita moja ya waya ina uvivu wa takriban nanohenri 10 wa kukataa ampea zisibadilike ghafla. Mkitaka kupandisha ampea milioni 26 kwa nanosekunde 100 kupitia sentimita hiyo moja, mtahitaji volti milioni 2.6, na hapo hamjafanya kazi yoyote ila kuivuka sentimita. Ndiyo maana ndani ya mitambo hii hamtaona waya. Mtaona mabamba mapana ya chuma yaliyokaribiana, mabomba ndani ya mabomba, na sahani kubwa zinazoelekea kitovuni.

Umeme wa mpigo husafiri katika nafasi iliyo kati ya mabamba mawili. Chuma kinauongoza tu. Kila nafasi, kwa upana wake na kwa kilichojazwa ndani yake, ina uwiano wake kati ya volti na ampea za wimbi linalopita. Uwiano huo tunauita impedansi, na tunaupima kwa omu kama ukinzani, ingawa hauchomi kitu. Likitoka wimbi kwenye njia ya omu 10 likaingia ghafla njia ya omu 2, theluthi mbili za volti zinageuka nyuma. Nguvu ni mraba wa hizo, kwa hiyo asilimia 44 ya nguvu inarudi ilikotoka. Hakuna kilichoungua, hakuna kilichokatika, mafundi wote walifanya kazi yao vizuri, na bado karibu nusu imepotea kwa sababu njia mbili hazikulingana. Mkisimama ufukweni hapa Katana siku ya upepo mtaona wimbi la Kivu likipiga ukuta wa mawe na kurudi ziwani karibu zima, na lingine likipanda mahali palipoinuka taratibu bila kurudi nyuma sana. Msanifu wa njia anautafuta ule mteremko.

Mteremko wenyewe ni njia ambayo impedansi yake inabadilika kidogo kidogo, kwa kanuni ya kipeo: kila mita inaizidishia kwa kiasi kilekile. Kila hatua ndogo inarudisha kipande kidogo cha wimbi, na vipande hivyo vinarudi kwa nyakati tofauti, kwa hiyo haviungani kuwa kitu kikubwa. Lakini hapa pana mtego. Njia hiyo inafanya kazi kwa sehemu ya mpigo inayobadilika upesi tu. Sehemu inayobadilika polepole inauona mteremko mzima kama kizingiti kimoja na kugeuka palepale. Kwa hiyo urefu wa njia unapimwa kwa urefu wa mpigo. Mita 10 za njia ndani ya maji huchukua nanosekunde 300 kuvuka, na kwa mpigo wa nanosekunde 100 hiyo ni nafasi nzuri. Ukirefusha zaidi unapata kidogo sana, huku maji yakianza kula umeme wako na bei ya chuma ikipanda. Ukifupisha unapoteza kwa kurudishwa. William Stygar na wenzake wa Sandia wameuchambua uchaguzi huu miaka mingi, na mwaka 2015 walitoa michoro ya mitambo miwili, Z 300 na Z 800, ambamo sahani za duara zilizojazwa maji zinafanya kazi hiyo ya mteremko. Wa kwanza ulikusudiwa kufikisha ampea milioni 48, wa pili milioni 65. Ni michoro ya karatasini, lakini hesabu yake inafundisha.

Kwa nini maji? Wengi hushangaa, kwa kuwa tumefundishwa tangu utoto kwamba maji na umeme havikai pamoja. Maji yaliyosafishwa hadi chumvi yote ikatoka huzuia umeme vizuri kwa muda mfupi sana, na kwa mpigo muda mfupi ndio wote uliopo. J. C. Martin, Mwingereza wa Aldermaston ambaye tangu miaka ya 1960 aliianzisha fani hii kwa vifaa vya bei rahisi na hesabu za penseli, alionyesha kwamba kadiri mpigo unavyokuwa mfupi ndivyo maji yanavyostahimili volti nyingi zaidi. Aliona pia kwamba cheche inayoanzia upande chanya inahitaji kama nusu tu ya nguvu inayohitajika upande hasi. Kwa hiyo msanifu mwerevu anaupa upande chanya uso mpana na laini.

Maji yana jambo lingine. Yanabeba umeme mara 80 kuliko hewa kwa nafasi ileile, na mpigo ndani yake unakwenda kwa karibu moja ya tisa ya kasi ya mwanga. Chukueni bomba ndani ya bomba. Bomba la nje mmeshapewa, hamwezi kulipanua. Swali ni la ndani liwe na unene gani ili njia ipitishe nguvu nyingi kabla ya cheche kuruka. Likiwa jembamba mno, umeme unakaza usoni pake na cheche inaanza. Likiwa nene mno, nafasi inabana na volti zinapungua. Hesabu ya kidato cha sita inatoa jibu: uwiano wa vipenyo uwe namba e kwa kipeo cha nusu, yaani karibu 1.65. Katika hewa hiyo inakuwa omu 30, katika mafuta ya transfoma omu 20, katika maji kidogo zaidi ya omu tatu. Wanafunzi wa hisabati, ifanyeni wenyewe usiku huu. Ni mstari mmoja wa kutafuta kilele.

Mwishoni maji hayaruhusiwi kuendelea. Kiini kimo ndani ya ombwe, kwa hiyo mpigo unavuka ukuta wa pete za plastiki na chuma na kuingia mahali pasipo na kitu. Hapo mambo yanakuwa mazito. Chuma kikipata kama kilovolti 200 kwa kila sentimita, uso wake huanza kutema elektroni, na ukiongeza volti nafasi nzima inajaa. Njia ya kawaida ingekuwa imekufa. Kinachoiokoa ni ampea zenyewe. Zikiwa nyingi kiasi cha kutosha, sumaku yake inazipinda elektroni zile zirudi zilikotoka kabla hazijafika upande wa pili. Njia inajilinda kwa mzigo wake. Mimi nimesoma mengi katika uhandisi na sijaona wazo linalonipendeza kuliko hili.

Ila ulinzi huo unakuja kwa kuchelewa, maana mwanzoni mwa mpigo ampea bado chache, na hapo kuna kinachopotea. Halafu kuna mahali ambapo njia nne za Z zinaunganishwa kuwa moja kwa nguzo fupi zinazopita kwenye matundu. Hapo sumaku za pande mbili zinakutana na kufutana, na penye sumaku sifuri elektroni zinapata mlango. Mamilioni ya ampea yanaweza kutorokea hapo. Ukipanua nafasi, uvivu wa njia unaongezeka na mpigo unachelewa. Ukiibana, gesi ya moto inayotoka kwenye chuma inaijaza. Wasanifu wamekuwa wakibishana juu ya milimita hizi kwa miongo mitatu, na kwa maoni yangu hapo ndipo mitambo ijayo itakapofaulu au kushindwa, kuliko kwenye kapasita.

Sasa turudi nyumbani. Laini ya kilovolti 70 ya shirika la umeme la SNEL inayotoka Bukavu kwenda Goma inapita upande wetu huu wa ziwa. Kwa umeme wa mizunguko 50 imesanifiwa kama laini nyingine yoyote. Lakini msimu wa mvua ukifika inageuka, bila kuombwa, kuwa njia ya mpigo. Radi ya kawaida ina ampea 30,000. Ikipiga waya moja kwa moja, nusu inakwenda Bukavu na nusu Goma, 15,000 kila upande. Impedansi ya waya wa angani ni kama omu 400. Zidisheni: volti milioni 6. Vihami vya vifaa vya ngazi hiyo hupimwa vistahimili mpigo wa kilovolti 325. Hakuna kihami cha kuhimili milioni 6, na hakuna anayekitafuta. Kinachotafutwa ni radi isiuguse waya. Ndiyo kazi ya waya wa ulinzi unaopita juu kabisa ya nguzo, kuipokea radi na kuishusha ardhini.

Lakini ardhi nayo ina tabia yake. Mguu wa nguzo ukiwa na omu 10, ampea 30,000 zinaupandisha hadi volti laki tatu, na kihami kinastahimili kwa shida. Ukiwa na omu 50, ni milioni moja na nusu, na cheche inaruka kutoka nguzo kwenda kwenye waya uliokuwa unalindwa. Radi imepiga mahali sahihi na bado laini imezimika. Huku kwetu kwenye udongo mwekundu wenye unyevu kazi ni nyepesi kiasi. Kule karibu na Goma, kwenye mawe ya lava, kupata omu 10 ni kazi ya jasho, inadai waya wa shaba mrefu uliozikwa pande zote.

Jambo la pili linahusu kabini zetu za mitaani, na hili hata asiye mhandisi anaweza kulikagua kwa macho. Parafudri, kile kifaa kinachoumeza mpigo kabla haujafika kwenye transfoma, lazima kikae karibu nayo. Mpigo unaofika mwisho wa njia, mbele ya transfoma, huongezeka mara mbili, kwa sababu kwake transfoma ni ukuta. Parafudri inapunguza, ila habari ya kupunguza nayo inasafiri kwa kasi ya mita 300 kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde. Tuseme volti zinapanda kwa milioni moja katika kila sehemu moja ya milioni ya sekunde. Parafudri ikiwa mita 30 kutoka transfoma, transfoma inapata kilovolti 200 zaidi ya zile ambazo parafudri ilikubali. Ikiwa mita tatu, ni kilovolti 20 tu. Fundi aliyeifunga kwenye nguzo ya jirani kwa sababu pana nafasi nzuri amenunua kifaa na kukitupa.

Halafu tazameni waya wa shaba unaotoka kwenye parafudri kuingia ardhini. Uwe mfupi na unyooke. Kila mita ya waya iliyozungushwa kwa urembo ni uvivu ule niliowaeleza, na inaongeza volti za bure juu ya transfoma. Na uwepo. Wezi wa shaba wakishaukata, kinachobaki juu ni pambo. Mtaa mzima unakaa gizani miezi ukichanga dola za kununua transfoma nyingine, kwa ajili ya mita mbili za waya zilizouzwa kwa bei ya chakula cha siku moja.

Tuna bahati ya kuwa na kituo cha utafiti cha Lwiro hapa mlangoni. Taasisi ya utafiti ya IRSAC iliyoanzishwa mwaka 1947 ilijenga makao yake pale, na mrithi wake, CRSN, ana idara ya jiofizikia inayosikiliza matetemeko ya ardhi hadi leo. Kifaa cha kurekodi umbo la mpigo wa radi ni rahisi kuliko kile cha kupima tetemeko: kitanzi cha waya, ubao mdogo wa elektroniki na saa ya setilaiti. Wasanifu wa Z wanalipa mamilioni ya dola kutengeneza mipigo ya kuchunguza. Sisi inatuangukia bure, tangu Septemba hadi Mei.

Ombi langu kwa walimu wa fizikia na wa ufundi ni moja. Julai hii, udongo ukiwa mkavu kabisa, ombeni ruhusa SNEL mpime ukinzani wa ardhi wa kila kabini kati ya Kavumu na Katana, pamoja na umbali wa parafudri kutoka transfoma yake na urefu wa waya wake wa shaba. Andikeni namba kwenye daftari moja, nakala moja iende SNEL na nyingine ibaki Lwiro. Panapozidi omu 10, vyuma vya ardhi viongezwe kabla ya mvua ya Septemba.